Nchi ya Viti Virefu

Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka anywe chai yake kimya, ila asinikatize katikati.

Alikuwepo fundi wa pampu huko Korogwe, jina lake Hiza, mtu wa miaka hamsini na mbili, mfupi, kifua kama debe, aliyeacha shule darasa la tano na hakuwahi kuililia. Watu walidhani kazi yake ni kufungua nati. Kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza. Alilala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, akaweka sikio kwenye bomba, akasema mpira wa chini umechanika, na ukitolewa unakutwa umechanika kweli.

Siku kumi na mbili kabla ya harusi ya binti yake Sikudhani, Hiza alifanya mambo mawili kwa siku moja. La kwanza, alihudhuria mkutano wa mtaa. Mtaa wao ulikuwa na kamati moja ya misiba na sherehe, watu wa msikitini na watu wa kanisani pamoja, na mwenyekiti wake kwa miaka ishirini na sita alikuwa Mama Eliwaza. Mama huyo alijua masufuria makubwa ya msikitini yanatoka kwa idhini ya nani, mabenchi ya kanisani yanabebwa na nani, na kwa nini huwezi kuwaomba wote wawili asubuhi moja. Mtu mmoja akasimama akasema mama amechoka, apewe cheti cha heshima na kiti cha mbele, na kazi wapewe watu wapya waliohudhuria semina. Wanaokubali wanyooshe mikono. Hiza alikuwa na njaa na mkutano ulikuwa mrefu. Akanyoosha mkono.

La pili, alipokea barua ya kumwita nchi ya mbali akatengeneze pampu iliyokataa kutoa maji. Akahesabu siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, akaona nafasi ipo, akamwambia binti yake atarudi kabla wali haujaiva.

Safari yenyewe siielezi. Alitembea, akapanda, akashuka, akafika.

Getini alikuta karani aliyekaa nyuma ya meza yenye madaftari mawili. Karani hakumuuliza jina wala atokako. Alimuuliza kama akisali hufumba macho au hukodoa.

Hiza akafikiri kidogo, akasema kwa kawaida anafumba, ila kukiwa na nzi anachungulia.

Karani akaweka kalamu chini. Daftari moja lilikuwa la Wafumba, la pili la Wakodoa, na la wanaochungulia halikuwepo. Akamwita mkubwa wake, na huyo akamwita mkubwa wake, wakazijadili kope za mgeni kwa saa moja na nusu. Mwishowe jicho la kulia liliandikwa kwa Wafumba na la kushoto kwa Wakodoa, fundi akagongewa mihuri miwili, akaambiwa karibu.

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba nchi ile ina dini mbili. Wafumba husema mbele ya mkubwa mtu hainui macho. Wakodoa husema mkubwa akikuita humfumbii macho kama unayesinzia. Mengine yote yalikuwa sawasawa: Mungu yule yule, nyimbo zile zile, siku za kufunga zile zile, hata malalamiko kuhusu urefu wa ibada yalikuwa yale yale. Waliishi ukuta kwa ukuta na wameoleana. Watoto wa ndoa hizo walisali kwa jicho moja wazi na moja limefungwa, na kila upande ulihesabu jicho lake kuwa ushindi.

Hiza akapelekwa kisimani. Pampu ilikuwa boriti nene iliyolala kama mizani, yenye mpini kila ncha. Waliounda nchi waliichonga hivyo makusudi. Wafumba wakikandamiza upande wao, Wakodoa wanainuka, halafu kinyume chake, na maji yanapanda. Upande mmoja ukijitahidi peke yake, maji yanafika nusu ya bomba, yanakohoa, yanarudi yalikotoka.

Akalala kifudifudi, akasikiliza. Akafungua nati zote, akatazama, akazifunga. Pampu ilikuwa nzima kama siku ilipozaliwa. Akauliza wanaitumiaje. Wakamjibu kwamba Wafumba husukuma asubuhi na Wakodoa jioni. Akauliza mbona wasisukume pamoja. Wakamtazama kama mtu aliyeomba kuazima mke. Ilikuwa miezi mitano sasa hawasukumi pamoja, na nchi nzima ilikunywa bwawa moja na ng'ombe, hata ng'ombe walishaanza kununa.

Ndipo wakamsomea sheria ya nchi kuhusu mafundi: fundi aliyeitwa hatoki getini mpaka maji yatoke bombani.

Hiza akatazama bomba, akatazama geti, akaona wali wa harusi unaiva bila yeye.

Akaomba kupelekwa kwa anayehusika. Akapelekwa Wizara ya Maelewano, kwa Mpatanishi Mkuu, Bwana Chapuo, mtu mwenye tabasamu lililotangulia kuingia chumbani kabla yake. Bwana Chapuo alikuwa na siku tisa kazini. Alikuwa Mpatanishi Mkuu wa saba tangu miezi hiyo mitano ianze, kwa sababu kila mmoja alipewa siku ishirini na moja tu, na alipatikana kwa kura miongoni mwa watu ambao hawajawahi kupatanisha hata kuku.

Hiza akauliza kwa nini wasichukue mzoefu. Bwana Chapuo akafurahi sana kuulizwa, akaeleza taratibu kama anayemfundisha mtoto. Mzoefu ana mazoea. Mwenye mazoea ana marafiki. Mpatanishi mzuri ana marafiki pande zote mbili, maana yake ana upendeleo pande zote mbili, na mtu mwenye upendeleo mara mbili ni hatari mara mbili. Baraza lilipitisha hoja hiyo kwa makofi.

"Na yale aliyokubaliana nao aliyekutangulia?" Hiza akauliza.

"Yalifutwa," alisema Bwana Chapuo. "Siwezi kujenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Ninaanza na Kufahamiana."

Kufahamiana kulikuwa kesho yake. Watu wote waliitwa uwanjani, wakavalishwa vitambulisho shingoni, wakapangwa wawili wawili, Mfumba na Mkodoa, watambulishwe kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza yao ya saba. Hiza alisimama nyuma ya mume na mke, Bwana Songoro Mfumba na Bi Pili Mkodoa, waliooana miaka ishirini sasa na waliokuja kwa punda mmoja.

"Huyu ni jirani yako," Bwana Chapuo alimwambia Bi Pili, akamshika bega mumewe. "Ana imani tofauti na yako, lakini naye ana pua. Mwangalie pua. Unaiona?"

"Naiona," alisema Bi Pili. "Ndiyo inayokoroma."

"Nimefurahi kukufahamu," alisema Bwana Songoro, akampa mkewe mkono.

"Na mimi pia. Ufunguo umeuweka wapi?"

"Chini ya mtungi."

Bwana Chapuo akafuta chozi, akaandika kwamba mazungumzo ya kina yameanza. Watu wakala maandazi, wakarudi nyumbani, na jioni Wakodoa wakasukuma pampu peke yao, maji yakakohoa, yakarudi.

Hiza akawa anauliza kila anayekutana naye pampu hii zamani iliendaje. Kila mmoja alinyoosha kidole juu. Alidhani wanamaanisha mbinguni mpaka mmoja alipomwambia ageuke, naye akageuka, akaviona viti.

Vilisimama kwenye Uwanja wa Heshima, viwili, vya mbao, miguu yake mirefu kuliko minazi, na juu kabisa kwenye kila kiti palionekana jozi ya viatu. Kushoto ni Bi Nyamizi, Mfumba. Kulia ni Bwana Lukole, Mkodoa. Hawa wawili waliendesha pampu miaka thelathini na moja. Kila walipomaliza ugomvi mmoja nchi iliwashukuru kwa kuongeza futi tatu kwenye miguu ya viti vyao, na walipotimiza siku elfu moja bila mpini hata mmoja kuachwa, heshima yao ikawa kubwa mno: miezi mitano iliyopita walipandishwa wasishuke tena, na ngazi ikachomwa moto kwa sherehe. Kwa hiyo aliyeijua kazi zaidi ndiye aliyekaa mbali nayo zaidi. Chakula walivutiwa kwa kikapu na kamba. Sikukuu zote waliimbiwa.

Chini ya viti alikaa karani aitwaye Mwandishi wa Baraka. Bi Nyamizi alikuwa akipiga kelele toka juu, sauti inafika nyembamba kama ya mbu. Hiza, ambaye amezoea kusikia mtu anayemwita toka chini ya kisima, aliyasikia maneno yote. Mama alikuwa akisema wakiwaita Wakodoa siku ya nne ya wiki watawakosa, ni siku yao ya kufua, ameshasema mpaka koo limekauka.

Karani akaandika: Mama ameiombea nchi mvua.

"Hakusema hivyo," alisema Hiza.

"Najua alichosema," karani akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini kuchukua maelekezo kwa waheshimiwa ni kuwasumbua. Tunachukua baraka tu."

Hiza akauliza sheria inasemaje. Karani akaisoma: asiwepo mtu wa kuwashusha waheshimiwa. Ya kuwapandia haikusema kitu. Hiza alikuja na mabomba kumi na nane ya kazi yake, na jalala la nchi ile lilijaa mabomba yaliyotupwa. Akayaunga mengine ncha kwa ncha yakawa nguzo mbili ndefu, akakata mengine yakawa vipago vya kukanyagia, akakaza kila kiungo kwa spana, akaegemeza ngazi ya chuma kwenye kiti cha kushoto, akapanda. Ilicheza kama jino la mtoto. Alifika juu akiwa amewakumbuka ndugu zake wote.

Bi Nyamizi alikuwa kikongwe mnene, ameketi kwa kujiachia, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuimba?"

"Hapana. Mimi ni fundi wa pampu."

"Pampu haina ugonjwa."

"Nimeona. Ila siruhusiwi kutoka mpaka maji yatoke, na binti yangu anaolewa Jumamosi."

"Anaolewa na nani?" Sauti ilitoka kiti cha pili. Bwana Lukole, mrefu, mkavu, macho wazi kama bundi, alikuwa amejivuta mpaka ukingoni.

"Dereva wa lori."

"Lori la nini?"

"Umeulizwa wewe?" alisema Bi Nyamizi. "Mtu amekuja kwangu."

"Miezi mitano sijasikia habari ya harusi, mwanamke. Niache nisikie. Lori la nini, fundi?"

"La mkonge."

"Mkonge ni mzuri," alisema Bwana Lukole, akatulia.

Basi wakampa somo, wakikatizana na kutukanana kwa namna ya watu ambao hawawezi kuishi bila hilo. Kwanza aende kwa Mzee Tengo, mkuu wa Wafumba, nyumbani kwake, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu babu yake aliwahi kurukwa kwenye mwaliko. Wafumba wapewe mpini wa kivulini. Wakodoa wapewe mpini unaotazama barabara, maana wakikosa cha kutazama wanawatazama Wafumba, na Mfumba akihisi anatazamwa anaacha mpini. Wimbo uanzishwe na Wakodoa na umalizwe na Wafumba. Hiza akayarudia yote kwa sauti, akashuka, akaona kazi imekwisha.

Akaenda kwa Mzee Tengo. Akamwamkia, akamweleza. Mzee Tengo akasema hapana. Hiza akarudia kwa upole. Mzee akasema hapana, hawezi kabisa. Hiza akajaribu mara ya tatu, mzee akatikisa kichwa akatazama pembeni. Fundi akaaga kwa heshima, akaenda kwa Wakodoa kuwaambia mambo yameharibika, nao Wakodoa wakakasirika kwamba Wafumba wamekataa kabla wao hawajapata nafasi ya kukataa. Kufika jioni boriti ilikuwa imefungwa mnyororo kila upande.

Akapanda tena, roho juu. Alipomaliza kusimulia, Bi Nyamizi alicheka mpaka kiti kikayumba na mchele ukanyesha uwanjani.

"Alikataa kabla ya chai au baada ya chai?"

"Chai sikupewa."

"Basi hajakataa, mwanangu. Tengo husema hapana tatu kabla ya chai, hizo ni salamu. Ya baada ya chai ndiyo hapana. Wewe umekimbia katikati ya mazungumzo."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Bi Nyamizi akaacha kucheka. Akatazama chini, paa zilipoonekana ndogo kama sahani. "Nilikuwa sijui kama ninajua," alisema. "Ni kitu ninachokiona nikimwona Tengo. Huku juu hakuna Tengo."

Hiza akalitafakari hilo akishuka. Alikuwa amebeba maneno yao yote, na hayakumsaidia zaidi ya koti la mtu mwingine. Waliotakiwa kisimani ni wao wenyewe, na zilibaki siku tano.

Akaomba Baraza. Baraza likajadili hoja ya fundi kwa siku mbili nzima, na mimi nitawapa kidogo tu msije mkaniangukia kwa usingizi. Mjumbe mmoja aliuliza, mheshimiwa akishuka, heshima yake itabaki juu peke yake au itashuka naye? Na ikibaki juu, nani ataitunza? Mwingine aliona Bi Nyamizi akikanyaga chini atakuwa mtu wa kawaida, na nchi itakuwa imeimbia mtu wa kawaida mara thelathini, jambo la aibu. Wa tatu alipendekeza badala ya kuwashusha wao, pampu ipandishwe. Hoja hiyo iliungwa mkono na wengi, na kamati ndogo ikaundwa. Bwana Chapuo alisema kwa huzuni kwamba yeye anawapenda sana wazee wale, ndiyo maana hataki kuwaona wakifanya kazi.

Hiza akaomba kusema. Hakuwa msemaji.

"Mimi nikinunua spana nzuri, siitundiki ukutani nikaiimbia," alisema. "Naitumia. Usiku naipaka mafuta. Mnasema mnawaheshimu hawa wazee. Yupo hata mmoja wenu aliyewahi kuwashikia kitu?"

Mwenyekiti akamkumbusha kwamba sheria inakataza mtu kuwashusha.

"Simshushi mtu," alisema Hiza. "Watashuka kwa miguu yao. Ninachotaka ni watu wawili wa kushika ngazi, maana inacheza."

Baraza likatafuta sheria ya kushika ngazi, halikuiona, likaahirishwa.

Umati ukajaa Uwanja wa Heshima. Ngazi ilikuwa na miguu miwili na ardhi ilikuwa ya mteremko. Mfumba mmoja peke yake angeishika kwa nguvu na macho yamefungwa, asione inakokwenda. Mkodoa peke yake angeitazama juu mpaka apate kizunguzungu. Alihitajika mmoja wa kila upande, na hakuna aliyesogea. Kila mtu aliutazama mguu wa ngazi kama nyoka.

Ndipo Bwana Songoro akapenya katikati ya watu, kitambulisho bado kipo shingoni, akashika mguu wa kulia, akafumba macho. Bi Pili akashika wa kushoto, akakodoa.

"Nimefurahi kukufahamu," alisema Bwana Songoro.

"Kaza mkono, acha maneno. Mama ameanza. Anakuja kwako kidogo. Egemea. Hapo hapo."

Bi Nyamizi akashuka kipago kwa kipago, akiwalaumu waliomlisha sana. Katikati ngazi ilijikunja, uwanja mzima ukavuta pumzi, na kabla mtu hajapiga kura, watu kumi wakawa wamerukia miguu ya ngazi, wamefumba na wamekodoa, mikono juu ya mikono. Ikasimama imara. Wakaihamishia kiti cha pili bila kuambiwa. Bwana Lukole alishuka akisoma majina ya watu aliowaona toka juu wakitupa taka mtaroni.

Walipokanyaga chini hawakuhutubia. Bi Nyamizi alikwenda kwa Mzee Tengo, akanywa chai vikombe viwili, akatoka naye. Bwana Lukole akapita nyumba za Wakodoa, akawaambia waache kufua, na wakaacha, kwa sababu aliwaita kwa majina ya utotoni mbele ya wajukuu zao. Walipofika kisimani minyororo ikafunguliwa, Wafumba wakakuta mpini wa kivulini, Wakodoa wakakuta barabara. Wimbo ukaanza upande wa Wakodoa. Boriti ikalia kama ng'ombe anayeamka. Ikashuka, ikapanda. Maji yakafika nusu ya bomba, yakakohoa, na watu wote wakanyamaza isipokuwa Bi Nyamizi aliyemwambia Lukole wimbo wake ni wa mazishi, aharakishe. Akaharakisha. Yakatoka.

Ee bwana, yalitoka. Yalimpiga Bwana Chapuo kifuani na kumkalisha, tabasamu lake likiwa la kweli kwa mara ya kwanza. Watu wakakinga ndoo, kofia, viatu, viganja. Wafumba walifumbua ili wayaone na Wakodoa walifumba kwa sababu yaliwaingia machoni, na kwa dakika chache hakuna karani ambaye angeweza kumwandika mtu yeyote kwenye daftari lolote. Mzee Tengo alicheza. Ng'ombe walikuja kutazama.

Hiza alikuwa akikamua shati aliposikia kitu cha baridi kikimgusa kiunoni. Akageuka. Ni seremala, ameshika kamba, anampima makalio. Nyuma yake watu wanne walibeba mguu wa kiti, mrefu kuliko yote aliyowahi kuona. Nchi ilikuwa imeamua kumshukuru.

Jasho lilimtoka juu ya maji. Akaanza kusema hapana, hapana, wakasema ni unyenyekevu, wakaongeza futi sita. Akamtazama Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi akapanda juu ya boriti, akanyamazisha watu kwa mkono mmoja.

"Huyu fundi," alisema, "amefanya nini kwenye pampu? Amebadilisha mpira? Ameongeza nati? Mwulizeni."

Wakamuuliza. Hiza akasema kweli hajabadilisha kitu.

"Pampu ilikuwa nzima," Bi Nyamizi akaendelea. "Amekula ugali wetu siku saba, ametoboa uwanja kwa mabomba yake, amemkimbia Tengo kabla ya chai. Mtu kama huyu mtampa kiti? Atimuliwe leo hii, na mabomba yake tumnyang'anye."

Nchi ile haikuwa na sheria ya kumheshimu fundi bure, ila ya kumtimua ilikuwepo, tena nzuri. Hiza alisindikizwa mpaka getini kwa zomeo safi. Bwana Lukole alimzomea kwa nguvu kuliko wote, na alipomkaribia akamnong'oneza amsalimie dereva wa lori. Ngazi ikabaki uwanjani. Fundi alipotazama nyuma mara ya mwisho, ilikuwa imeegemea kiti kitupu, Mfumba mmoja na Mkodoa mmoja wamekaa kila mguu wanakula muhogo, wanabishana nani atakaa zamu ya kesho.

Akafika Korogwe Jumamosi saa tatu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Harusi ilikuwa saa nane. Alitarajia moshi. Hakuona moshi.

Uani kwake walisimama wanakamati wapya sita wenye fulana za rangi moja. Walikuwa wamewapanga akina mama wa msikitini upande huu na akina mama wa kanisani upande ule, wanawake walioosha maiti za nyumba zao pamoja na kuleana watoto miaka yote hiyo, na mwanakamati mmoja alikuwa akiwaomba kila mmoja ataje jina lake na chakula anachokipenda. Masufuria hayajaja. Mabenchi hayajaja. Sikudhani alikuwa mlangoni, hina mikononi, uso wa mtu anayetaka kulia.

Na mbele kabisa, juu ya kreti tatu za soda zilizofunikwa kitambaa cheupe, kulikuwa na kiti, na juu ya kiti Mama Eliwaza, shada la maua shingoni, cheti mapajani, akitazama uwanja mkavu wa mafiga kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa kwa heshima zote.

Hiza hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja.

"Shuka, mama."

"Nani, mimi? Mimi mstaafu. Ulininyooshea mkono mwenyewe, Hiza, nilikuona."

"Niliunyoosha. Nilikuwa na njaa."

"Na sasa?"

"Sasa nina njaa, na wageni mia tatu wanakuja nao na njaa zao."

Kreti zilikuwa zinacheza. Hiza akashika upande mmoja wa kiti kwa mikono miwili, akamwita Ustadhi Mbwana wa msikitini, ambaye naye alipangwa mstarini akitaja chakula anachokipenda, aje ashike wa pili. Ustadhi akaja mbio. Mama akavua shada, akalivika kiti, akakanyaga kreti ya kwanza, ya pili, chini.

"Ustadhi," alisema akijifunga kanga kiunoni, "masufuria ameyakataa nani?"

"Shehe amesema hapana, mama. Mara tatu."

"Alikupa kahawa?"

"Hajanipa."

Hiza akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini mavumbini, binti yake akadhani baba amerukwa na akili siku ya harusi yake. Mama Eliwaza alikuwa ameshafika barabarani.